Kutafsiri Misemo ya Kila Siku na Majina ya Watu kwa Kiitaliano: Mwongozo kwa Mzungumzaji wa Kiswahili

Msimu wa maembe uliopita, dada mmoja wa mtaani kwetu hapa Tabora alipiga hodi nyumbani akiwa na barua aliyoiandika kwa Kiitaliano. Alikusudia kuipeleka kwa sista mmoja mzee, Mwitaliano, ambaye zamani alifanya kazi katika zahanati ya parokia na ndiye aliyempokea yeye siku aliyozaliwa. Dada huyu, ambaye hapa nitamwita Neema, alikuwa ameiandika kwanza kwa Kiingereza, kwa kuwa aliamini kwamba lugha yoyote ya Ulaya ni lazima ipitie huko, kisha akaigeuza sentensi moja baada ya nyingine kwa msaada wa simu na kamusi ndogo. Ilianza na "Ciao, Lucia", ikaendelea na "sono trenta", ikafika kwenye "sono contento", na ikafungwa kwa "ti amo". Kila neno lilikuwa la Kiitaliano, lakini sista akiisoma angejikuta amesalimiwa kama rika, na mtu anayejitaja kwa umbo la kiume, ambaye mwishoni anamtamkia mapenzi ya wachumba.

Tulikaa mezani tukaiandika upya, na mambo tuliyoyarekebisha ndiyo ninayoyaeleza hapa. Kosa halikuwa katika uvivu wala katika uchache wa msamiati. Kosa lilikuwa katika njia: msemo wa Kiingereza unaficha mambo ambayo Kiitaliano hakiwezi kuyaacha, na mengi ya mambo hayo Kiswahili kinayajua tayari.

Kabla ya kutafuta neno, tafuta mtu

Kiingereza kina "you" moja kwa mtoto, kwa bibi, kwa hakimu na kwa umati wa watu. Kiitaliano kina "tu" kwa mtoto, ndugu, rafiki au mtu wa rika lako mnayezoeana. Kina "Lei" kwa mtu mmoja unayemheshimu au usiyemfahamu. Na kina "voi" kwa watu wengi. Kwa hiyo "How are you?" haina tafsiri moja. Kwa rafiki ni "Come stai?", kwa sista mzee ni "Come sta?", na kwa familia nzima ni "Come state?". Mtu aliyekua akijua kwamba "mambo vipi" haiendi kwa babu na "shikamoo" haiendi kwa mdogo wako hana sababu ya kushangazwa na mgawanyo huu. Cha kujifunza ni maumbo tu, kwa sababu tabia yenyewe anayo.

Jambo linalowatatiza wengi ni kwamba "Lei" huchukua kitenzi cha nafsi ya tatu, yaani unamwambia mtu jambo kana kwamba unamtaja mwingine. Hata hilo si geni kwetu. Mara ngapi umemsikia kijana akimwuliza mzee aliyekaa mbele yake, "Mzee anasemaje leo?" Anamwambia yeye mwenyewe, lakini kitenzi kimekwenda kwenye nafsi ya tatu kwa ajili ya heshima. Ukiikumbuka sentensi hiyo kila unapoandika "Come sta?", hutakosea. Katika barua, wengi huandika herufi kubwa mwanzoni mwa "Lei", "La" na "Le" zinapomhusu anayeandikiwa, na kwa mtu mzima napendekeza uifuate desturi hiyo.

Swali la pili la kujiuliza ni kama anayesema, anayeambiwa au anayetajwa ni mwanamume au mwanamke. Kiswahili hakilijali hilo: "nimechoka" ni ya kila mtu. Kiitaliano kinalijali mno: mwanamume husema "sono stanco", mwanamke "sono stanca", wanaume au kundi lililochanganyika "siamo stanchi", na wanawake peke yao "siamo stanche". Ichukulie kama upatanisho wa ngeli. Wewe husemi "kitabu mzuri", nao hawasemi "ragazza stanco". Hapa ndipo programu za kutafsiri hukosea mara nyingi, kwa sababu sentensi kama "rafiki yangu amefika" haisemi jinsia, na mashine huchagua yenyewe, kwa kawaida ya kiume. Wewe unayemjua rafiki ndiye wa kuamua kati ya "il mio amico è arrivato" na "la mia amica è arrivata". Neema alipaswa kuandika "sono contenta", na kosa lote lilikuwa herufi moja.

Salamu na adabu

"Buongiorno" ni salamu ya kuanzia asubuhi hadi mchana, na "buonasera" ni ya kuanzia alasiri au jioni na kuendelea. "Buonanotte" si salamu ya kukutania usiku, bali ni ya kuagana watu wanapokwenda kulala, kama "lala salama". Mtu anayeingia dukani saa mbili usiku na kusema "buonanotte" ameaga kabla hajafika. Kwa "Have a nice day" wana "buona giornata", nayo husemwa wakati wa kuagana.

"Ciao" ndiyo inayotumiwa vibaya zaidi, kwa kuwa inajulikana dunia nzima. Ni ya watu mnaoitana "tu". Asili yake ni neno la Kivenisi lenye maana ya mtumwa, yaani "mimi ni mtumwa wako", kama vile shikamoo inavyoelezwa na wengi kuwa ni kushika miguu ya mkubwa. Maneno yote mawili yalianza kwa unyenyekevu, ila "ciao" imeuacha unyenyekevu huo kabisa, ilhali shikamoo bado inao. Kwa hiyo usitafsiri shikamoo kwa "ciao". Kiitaliano hakina shikamoo. Heshima yake unaigawa katika vipande viwili: "buongiorno" pamoja na cheo, halafu "Lei" katika kila kitenzi kinachofuata.

Vyeo navyo vina mitego yake. "Mama Doto" hawi "mamma Doto", kwa sababu "mamma" ni mama yako mwenyewe tu; mama wa mwenzako ni "signora", likifuatwa na jina la ukoo kama unalijua. Sista haitwi "sorella" mbele ya jina lake, bali "suor", kama "suor Lucia". Padre wa jimbo huitwa "don", na padre wa shirika la kitawa huitwa "padre". Mtu uliyemzoea kumwita dada au kaka kwa adabu, ilhali si ndugu yako, muite "signora" au "signore". Ukimwita "sorella" atakuona wa ajabu, ingawa nia yako ilikuwa njema.

Sasa nije kwenye maneno ambayo Kiingereza kinayabana pamoja na sisi tunayatenganisha. "Sorry" ya Kiingereza ni samahani, na pia ni pole. Kiitaliano kinatenganisha kama sisi. Umemkanyaga mtu: "scusi", au "scusa" kwa rafiki, na "scusate" kwa wengi. Umesikia mwenzako ameumwa: "mi dispiace". Kwenye msiba, neno ni "condoglianze". Anayeuliza kwa Kiswahili "hii ni samahani au ni pole?" atachagua vizuri papo hapo, lakini anayeanzia kwenye "sorry" atabahatisha. Hata hivyo, pole yetu ni pana kuliko "mi dispiace". "Pole na safari" haina neno lake kwa Kiitaliano, na ukimwambia mgeni aliyeshuka kwenye treni "mi dispiace" atadhani kuna habari mbaya. Kwa mgeni mwanamke unayemheshimu sema "Com'è andato il viaggio? Sarà stanca", yaani safari ilikuwaje, bila shaka umechoka. Hilo linafikisha upendo uleule kwa njia nyingine. Kwa mgonjwa, "ugua pole" inakaribiana na "auguri di pronta guarigione".

Hodi nayo inapatikana, na hili hunifurahisha kila ninapolieleza. Mwitaliano anayeingia nyumbani kwa mtu, hata kama mlango umefunguliwa na mwenyeji yuko mbele yake, husema "permesso?" Mwenyeji hujibu "avanti" au "prego", na kama ni mtu wa heshima, "prego, si accomodi", yaani karibu ukae. Neno hilohilo "permesso" hutumika unapopenya katikati ya watu kwenye basi. Ukipitia "excuse me" utapata "scusi" peke yake na utaikosa hodi kabisa.

"Prego" ni karibu ya baada ya ahsante, ni karibu ya kupisha mtu mlangoni, na ni karibu ya kumhimiza mgeni ajipakulie chakula. Lakini karibu ya kumpokea mgeni anapofika kutoka mbali ni "benvenuto" kwa mwanamume, "benvenuta" kwa mwanamke, na "benvenuti" kwa kundi. "Grazie" itamkwe hadi mwisho, "gratsie", usiikate ikawa "grazi". Pia wana heri nyingi zilizo karibu na zetu: "buon viaggio" ni safari njema, "buon lavoro" ni kazi njema, na "buon appetito" husemwa chakula kinapoanza kuliwa.

Sentensi zinazofanana na zetu

Kwa Kiingereza mtu "ni" na njaa, "ni" na umri. Kwa Kiswahili mtu ana njaa na ana miaka. Kiitaliano kinasema kama Kiswahili: "ho fame" ni nina njaa, "ho sete" ni nina kiu, "ho fretta" ni nina haraka, "ho sonno" ni nina usingizi, "ho trent'anni" ni nina miaka 30. "Sono trenta" ya Neema ilitoka moja kwa moja kwenye Kiingereza. Kama angefikiri kwa lugha yake ya nyumbani, angesema "nina", na Kiitaliano kingemfuata. Vilevile "mi chiamo" ni "naitwa", na kwa mazungumzo ya kawaida ndiyo ya kutumia.

"Mi piace" nayo imeumbwa kama "inanipendeza": kinachopendeza ndicho kinachoongoza kitenzi. Asali ni moja, basi "mi piace il miele". Maembe ni mengi, basi "mi piacciono i manghi", maembe yananipendeza. Anayetoka kwenye "I like" huwa anaiweka "io" mbele na kuharibu sentensi. "Mi manchi" iko hivyohivyo. Maana yake ni nimekukumbuka, lakini kwa muundo ni kama kusema "wewe unakosekana kwangu". Kwa mtu wa heshima ni "Lei mi manca".

Na sasa "ti amo". Maneno hayo ni ya mume na mke, au ya wachumba. Kwa mama, baba, dada, rafiki, au sista aliyekulea, Kiitaliano kina "ti voglio bene", na kwa heshima "Le voglio bene". Tafsiri ya neno kwa neno ingekuwa "nakutakia mema", lakini uzito wake ni wa upendo kamili, si wa heri ya kadi. Wengi hudhani ni upendo wa daraja la pili na hawaitumii. Wanakosa neno zuri kuliko yote ambayo mtoto anaweza kumwandikia mzazi.

Kuyasoma na kuyatamka majina

Irabu za Kiitaliano zitakusumbua kidogo sana kwa kuwa zinakaribiana na zetu. Shida iko kwenye konsonanti chache. Herufi "c" ikifuatwa na "e" au "i" hutamkwa kama "ch" ya chai: Cecilia ni "Chechilia", Francesco ni "Franchesko", na Lucia ni "Luchia", ambapo mkazo uko kwenye "i". Lakini "ch" yao ni "k": Michele ni "Mikele" na Chiara ni "Kiara", na hapa ndipo Mswahili hujikwaa, kwa sababu jicho lake limezoea kuisoma "ch" kwa namna nyingine. "G" ikifuatwa na "e" au "i" ni "j", hivyo Giovanni ni "Jovanni". "Gn" ni "ny" ya nyama: Agnese ni "Anyeze". "Sc" mbele ya "e" au "i" ni "sh". Konsonanti zilizorudiwa hushikiliwa kidogo, kama katika Anna na Giuseppe.

Mkazo mara nyingi huwa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kama kwetu, lakini si siku zote. Stefano tunalisema kwa mkazo kwenye "fa", ilhali wao huuweka kwenye "Ste". Nicola ni ya kawaida, mkazo uko kwenye "co".

Majina ya Biblia, ya Kurani na ya nyumbani

Kwa majina ya ubatizo, acha kabisa kupitia Kiingereza. James hakukuonyeshi kwamba unamtafuta Giacomo, lakini Yakobo anakuonyesha, ukijua kanuni moja: pale ambapo Kiswahili cha kanisani kina "Y" mwanzoni, Kiitaliano mara nyingi kina "Gi" au "Ge". Yohane ni Giovanni, Yosefu ni Giuseppe, Yakobo ni Giacomo, Yuda ni Giuda, Yona ni Giona, Yoshua ni Giosuè, Yeremia ni Geremia. Hata Yesu ni Gesù na Yerusalemu ni Gerusalemme. Mengine hayahitaji hata kanuni: Petro ni Pietro, Paulo ni Paolo, Marko ni Marco, Mateo ni Matteo, Filipo ni Filippo, Stefano ni Stefano. Ayubu anakuwa Giobbe, na huyo ni wa kukariri.

Majina ya kiume yanayoishia kwa "a" huwachanganya wanaotegemea Kiingereza, kwa sababu huko Andrea hueleweka kuwa ni mwanamke. Sisi tunao akina Andrea, Luka, Elia na Zakaria, na wote ni wanaume. Kiitaliano ni hivyohivyo: Andrea, Luca, Elia, Nicola, Mattia na Zaccaria ni majina ya kiume. Ni mwaka 2012 tu ambapo mahakama ya juu ya Italia, Corte di Cassazione, ilikubali Andrea liwe jina la mtoto wa kike. Yapo pia yanayoishia kwa "e": Simone, Michele, Daniele, Gabriele na Raffaele ni wanaume. Wenzao wa kike ni Simona, Michela, Daniela, Gabriella na Raffaella.

Waislamu wa Tabora na Ujiji nao watayaona majina ya manabii yakiwa na sura ya Kiitaliano: Ibrahimu ni Abramo, Musa ni Mosè, Daudi ni Davide, Sulemani ni Salomone, Yusufu ni Giuseppe, Mariamu ni Maria. Maometto ni jina ambalo vitabu vya Kiitaliano humtaja nalo Mtume. Usimwite nalo jirani yako anayeitwa Mohamedi, ambaye abaki na jina lake. Juma halina mwenzake wa kulinganisha herufi kwa herufi, lakini nikiulizwa huwa naeleza kwamba Waitaliano wana Domenico, lililotokana na neno la Kilatini la siku ya Bwana, kama vile Juma linavyohusishwa na Ijumaa. Ni maelezo tu, na hayamfanyi Juma awe Domenico.

Majina yenye maana ya wazi yanahitaji uangalifu. Neema ni Grazia, Furaha ni Gioia, Imani ni Fede, Tumaini ni Speranza. Lakini Speranza ni jina la mwanamke, ilhali kwetu Tumaini wanaume wapo wengi. Zawadi ukilitafsiri "dono" utapata neno la kamusi ambalo halimpi mtu jina. Karibu zaidi ni Donata, au Dorotea, ambalo kwa asili yake ya Kigiriki ni zawadi ya Mungu. Kulwa na Doto yasiguswe. Mwitaliano akiuliza, mwambie kuwa ni pacha, "gemelli", au "gemelle" kama wote ni wasichana, na kwamba Kulwa ndiye aliyetangulia kuzaliwa.

Hapo tunafika kwenye kanuni ninayoisisitiza kuliko zote: kujua mwenzake wa jina si ruhusa ya kulibadilisha. Mapapa, watakatifu na baadhi ya wafalme hubadilishiwa majina kwa kila lugha. Papa aliyefika Tabora mwaka 1990 sisi tulimwita Yohane Paulo wa Pili, na kwao ni Giovanni Paolo II. Malkia Elizabeth alikuwa Elisabetta. Watu wengine hubaki walivyo: Mwalimu Julius Nyerere, aliyesoma na kufundisha hapa Tabora, kwa Kiitaliano ni Julius, haandikwi Giulio. Kwenye pasipoti, cheti cha kuzaliwa, cheti cha shule au fomu ya viza, jina linakwenda herufi kwa herufi, hata kama cheti chenyewe kinatafsiriwa. Kiitaliano kina herufi 21 na hakina "j", "k", "w", "x" wala "y" katika alfabeti yake ya asili, lakini wanazifahamu na kuziandika kwa majina ya kigeni, hivyo usiogope "Kulwa" kuandikwa Kulwa. Kwenye fomu, "nome" ni jina lako na "cognome" ni jina la ukoo. Hayo mawili watu huyabadilisha nafasi mara nyingi, na kuyarekebisha baadaye ni kazi ndefu.

Mwenzake wa jina anafaa siku ya somo, yaani sikukuu ya mtakatifu ambaye mtu amepewa jina lake. Waitaliano wanaiita "onomastico" na hupeana "auguri" siku hiyo: Yosefu tarehe 19 Machi, Antoni tarehe 13 Juni, Yohane tarehe 24 Juni, Petro na Paulo tarehe 29 Juni, Fransisko tarehe 4 Oktoba. Mtakatifu naye hupewa neno kulingana na jina linalofuata: San Pietro, Santo Stefano, Sant'Antonio, Santa Chiara, Sant'Agnese.

Barua ya Neema ilipokamilika ilikuwa fupi kuliko ile ya kwanza. "Cara suor Lucia, come sta? Noi qui a Tabora stiamo bene. Ho trent'anni e mio figlio ne ha sei. Sono contenta di scriverLe. Mia mamma La saluta con affetto. Lei ci manca molto. Le vogliamo bene." Mpendwa sista Lucia, hujambo? Sisi hapa Tabora hatujambo. Nina miaka 30 na mwanangu ana sita. Nimefurahi kukuandikia. Mama anakusalimu kwa upendo. Tunakukumbuka sana. Tunakupenda. Aliisoma kwa sauti mara tatu, akiushikilia mkazo wa "Luchia" kwenye "i" kama nilivyomwonyesha. Kisha akauliza kama atie saini "Grazia". Nikamwambia sista alimjua kwa jina lake tangu siku ya kwanza. Akaandika "Neema", na chini yake, kwa ajili ya vijana wa nyumba ya watawa wanaomsomea sista barua zake, akaongeza mstari mmoja: "Il mio nome vuol dire grazia."